Kabla Hujatoa Pesa Kaunta: Mwongozo Kamili wa Kuokoa Kidogokidogo

Pesa nyingi zinazopotea kaunta haziibiwi. Bei hubadilishwa kwenye kompyuta ikasahaulika rafuni. Bidhaa moja husomwa mara mbili. Ofa huandikwa kwa herufi kubwa na sharti lake kwa herufi ndogo, na mnunuzi hutia chenji mfukoni bila kuihesabu. Kila kosa ni dogo, lakini kitu unachokinunua kila wiki unakilipia mara 52 kwa mwaka. Ukizidishiwa 30 tu kila wiki, hiyo ni 1,560 kwa mwaka kwa bidhaa moja.

Hatua zilizo hapa chini zinafuata njia anayopita mnunuzi, kuanzia nyumbani hadi anapoondoka kaunta. Kosa likionekana kabla ya kulipa, mara nyingi keshia huufuta mstari mmoja tu na kazi ikaendelea. Likionekana baada ya risiti kutoka, huenda msimamizi akahitajika, na foleni nzima inasubiri. Likionekana nyumbani, kuna nauli na muda wa kurudi, na kwa pesa ndogo wengi huamua kuliacha. Ndiyo maana karibu kila jambo hapa linalenga kulikamata kosa mapema. Tarakimu za bei ni za mfano tu. Ziweke katika sarafu unayotumia.

Hatua ya 1: Weka daftari la bei

Huhitaji kukumbuka bei ya kila kitu. Chagua bidhaa 15 hadi 20 unazozinunua mara kwa mara, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya matumizi ya nyumba. Kwa kila moja andika mambo manne: kiasi kilichomo (gramu, mililita au idadi), bei uliyolipa, bei ya kipimo kimoja, na tarehe. Daftari dogo la mfukoni linatosha, au ukurasa mmoja kwenye simu.

Baada ya miezi miwili daftari hili litakuwa na thamani kuliko tangazo lolote. Rafu ikisema "bei ya zamani 2,400, sasa 1,900", utafungua ukurasa na kuona kama kweli uliwahi kulipa 2,400. Litakuonyesha pia pakiti iliyopunguzwa ujazo bila bei kushuka. Pakiti ya gramu 1,000 ikishushwa hadi gramu 900 kwa bei ileile, bidhaa imepanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 11, si 10 kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa gramu zilizobaki ndizo zinazobeba bei yote.

Hatua ya 2: Linganisha kwa kipimo, si kwa pakiti

Gawa bei kwa gramu, kisha zidisha kwa 100, upate bei ya gramu 100. Tuseme pakiti ya gramu 400 inauzwa 1,800 na ya gramu 1,000 inauzwa 4,700. Ndogo ni 450 kwa gramu 100, kubwa ni 470. Pakiti kubwa ndiyo ghali hapa, na hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyotarajia, hasa pakiti ndogo inapokuwa kwenye ofa.

Kama huna kikokotoo, jiulize pakiti kubwa ni mara ngapi ya ndogo. Gramu 1,000 ni mara mbili na nusu ya 400. Zidisha 1,800 kwa mbili na nusu, upate 4,500. Pakiti kubwa ikizidi hapo, iache.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 1998 linataka bei ya kipimo ionyeshwe pamoja na bei ya kuuzia, na maduka mengi ya nchi nyingine hufanya hivyo pia. Inasaidia, ila angalia kipimo chenyewe. Lebo moja inaweza kuandikwa kwa kilo na ya jirani yake kwa gramu 100, au moja kwa kipande na nyingine kwa uzito, na jicho la haraka hudanganyika.

Zipo bidhaa ambazo uzito peke yake hautoshi. Kwa sabuni ya kufulia linganisha idadi ya mafuo, kwa sababu lita 1 ya sabuni nzito inaweza kufua nguo nyingi kuliko lita 2 za nyepesi. Kwa karatasi za kujifutia, idadi ya roli haikwambii kitu. Hesabu vipande kwenye roli na tabaka za kila kipande. Kwa bidhaa za kopo zilizowekwa ndani ya maji au mafuta, tumia uzito baada ya kuchuja, ambao kwa kawaida huandikwa karibu na uzito wa jumla kwa maandishi madogo zaidi.

Ukimaliza kulinganisha, piga picha ya lebo ya rafu kwa bidhaa zilizo kwenye ofa na kwa kitu chochote cha bei kubwa. Hakikisha jina na ujazo kwenye lebo vinafanana na ulichoshika. Malalamiko mengi kaunta huanza hapa: mnunuzi amesoma lebo ya bidhaa ya jirani, au lebo ya mililita 500 huku ameshika chupa ya 750.

Hatua ya 3: Geuza kila ofa kuwa asilimia

Ofa huandikwa kwa namna nyingi, na wingi huo ndio unaochanganya. Zigeuze zote kuwa asilimia, ndipo zitalinganika.

"Nunua 2 upate 1 bure" ni punguzo la asilimia 33, na ni sawa kabisa na "chukua 3 lipa 2". "Cha pili nusu bei" kinasikika vizuri, kumbe ni asilimia 25 tu kwa vyote viwili. "Nunua 3 upate 1 bure" nayo ni 25. Ofa hizi zina thamani kama utatumia kila kipande. Ukichukua vitatu kwa bei ya viwili kisha kimoja kikaharibika, umelipia viwili na umetumia viwili: hujaokoa kitu.

Punguzo juu ya punguzo halijumlishwi. Asilimia 20 kisha 10 si 30. Kitu cha 1,000 kinashuka hadi 800, kisha asilimia 10 inakatwa kwenye 800, kinabaki 720. Jumla ya punguzo ni asilimia 28.

Ukiwa na kuponi ya kiasi maalumu pamoja na punguzo la asilimia, utaratibu wa kukata una uzito. Kwenye 1,000, kuponi ya 100 ikikatwa kwanza kisha asilimia 10, unalipa 810. Asilimia ikitangulia, unalipa 800. Mwombe keshia aanze na asilimia kama mashine inaruhusu. Mara nyingine mfumo umeshapangwa na hawezi kuubadilisha, lakini kuuliza hakugharimu chochote.

Ofa za "chukua 3 lipa 2" zinazochanganya bidhaa tofauti zinahitaji umakini zaidi, kwa sababu kinachotolewa bure huwa ni cha bei ya chini kabisa. Tuseme una vitu vitatu vya 900 na vitatu vya 300, vyote kwenye ofa hiyo. Ukivilipia pamoja, baadhi ya mifumo itachukua vile viwili vya bei ya chini kuliko vyote na kukupunguzia 600. Ukivilipia kwa risiti mbili, vya 900 peke yake na vya 300 peke yake, unapunguziwa 1,200. Bidhaa ni zilezile na ofa ni ileile, ila punguzo limekuwa maradufu.

Kisha kuna ofa ya kufikisha kiwango: "nunua za 10,000, punguzo 500". Kikapu chako kikiwa 9,700, kuongeza kitu cha 300 kunakufanya ulipe 9,500, na umefaidi hata kama kitu hicho hukukihitaji sana. Kikiwa 8,700, utaongeza 1,300 ili upunguziwe 500, na utalipa 9,500 badala ya 8,700. Kipimo ni kimoja: pengo likiwa dogo kuliko punguzo, lizibe; likiwa kubwa, lizibe tu kwa kitu ambacho ungekinunua wiki hii hata bila ofa.

Pointi za kadi ya uaminifu zipime hivyohivyo. Ukipata pointi 1 kwa kila 100 unayotumia, na pointi 1 ina thamani ya 1, punguzo lako ni asilimia 1. Duka la pili likiuza kwa asilimia 4 chini bila pointi, pointi hizo zisikushikilie. Angalia pia muda wa pointi kuisha, kwa sababu pointi iliyoisha muda haina thamani yoyote.

Hatua ya 4: Bidhaa za kupimwa

Kabla kitu hakijawekwa kwenye mizani, kioo kisome sifuri. Ikiwa bidhaa inapimwa ndani ya chombo, uzito wa chombo utolewe kwanza: chombo kitupu kinawekwa, mizani inarudishwa sifuri, ndipo bidhaa inatiwa. Chombo cha gramu 20 kinaonekana si kitu, lakini tazama hesabu yake. Mizani ikisoma gramu 400 pamoja na chombo, asilimia 5 ya unacholipia ni chombo. Ikisoma gramu 100, ni asilimia 20. Kwa hiyo anayenunua kidogokidogo ndiye anayeumia zaidi, na ndiye anayepaswa kuwa mkali zaidi.

Angalia kama kuna mkono, mfuko au kona ya kitu kingine kinachogusa sahani ya mizani. Subiri namba itulie. Kisha soma bei ya kilo iliyochaguliwa, kwa kuwa kosa la kawaida sana hapa ni muuzaji kubonyeza namba ya bidhaa inayofanana na yako lakini ya daraja la juu.

Lebo inayochapwa na mizani mara nyingi huwa na msimbo pau (ile mistari myeusi na namba inayosomwa na mashine) unaoanza na 2, namba zilizotengwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Msimbo huo unaweza kubeba uzito au bei yenyewe. Kosa likishaingia humo, skana ya kaunta italisoma kama lilivyo na keshia hatakuwa na njia ya kuligundua. Lisahihishwe palepale kwenye mizani.

Hatua ya 5: Jumlisha ukitembea, kisha panga kaunta

Njia iliyo rahisi na yenye faida ni hii: kila kitu unachotia kikapuni, pandisha bei yake hadi 50 inayofuata. Cha 1,120 kihesabu 1,150. Cha 860 kihesabu 900. Kwa kuwa umepandisha kila bei, jumla ya kweli haiwezi kuzidi yako. Skrini ya keshia ikionyesha namba kubwa kuliko uliyo nayo kichwani, kuna kosa, na una uhakika kabla hujafungua mdomo. Kwa wastani utakuwa umezidisha kama 25 kwa kila bidhaa, hivyo kwa vitu 20 tarajia jumla ya mashine iwe chini ya yako kwa karibu 500. Ikiwa imekaribiana mno na yako, soma mistari kwa makini, kwa sababu huenda kuna kitu kimesomwa kwa bei ya juu.

Hesabu pia idadi ya vitu. Namba hiyo moja itakusaidia sana baadaye.

Ukifika kaunta, acha nafasi ya wazi kati ya vitu vyako na vya aliyekutangulia. Tanguliza vya ofa na vile ulivyovipiga picha, ukiwa bado na utulivu wa kutazama skrini. Mwishoni utakuwa unapakia mifuko. Vitu vinavyofanana kwa sura lakini vyenye bei tofauti, kwa mfano sabuni za harufu mbili, viweke mbalimbali, la sivyo keshia anaweza kusoma kimoja na kuandika "mara 4". Toa kadi ya pointi na kuponi mapema, kwa sababu baadhi ya mifumo haizipokei baada ya jumla kufungwa. Njoo na mifuko yako. Na vile vitu vidogo vilivyopangwa kando ya kaunta viliwekwa pale kwa ajili ya mtu anayesubiri. Kama havikuwa kwenye orodha yako, viache.

Hatua ya 6: Tazama skrini bei zinapopigwa

Ni vizuri kuelewa kwa nini bei ya kaunta hutofautiana na ya rafu. Tangu tarehe 26 Juni 1974, bidhaa ya kwanza iliposomwa kwa msimbo pau dukani huko Troy, Ohio, nchini Marekani, kanuni ya msingi haijabadilika: mistari ile ya kawaida haina bei ndani yake. Ina namba ya bidhaa tu, na kompyuta ya duka ndiyo inayoitafutia bei. Tarakimu ya mwisho katika namba 13 za msimbo ni ya kuhakiki kwamba namba imesomwa sawasawa, hailindi bei. Kwa hiyo bei ya kompyuta ikibadilishwa na lebo ya karatasi ikabaki, mashine haitatoa onyo lolote.

Siku za hatari, basi, ni siku ofa inapoanza, siku inapoisha, na siku bei zinapopanda kwa jumla. Siku hizo usipakie mifuko huku bei zinapigwa. Simama, tazama skrini.

Tafuta mambo manne: bidhaa iliyotokea mara mbili, idadi isiyo sahihi, ofa isiyokatwa, na kitu usichokileta, kama mfuko au mchango ulioongezwa. Baadhi ya mifumo hukata ofa mwishoni kabisa baada ya bidhaa zote kusomwa, kwa hiyo usikimbilie kulalamika katikati, uliza kwa upole, "Punguzo la hii linatokea mwishoni?"

Ukiona kosa, sema kabla ya kulipa, na useme namba: "Samahani, hii imesoma 1,250, rafuni imeandikwa 1,100. Picha hii hapa, naomba tuangalie." Keshia hapangi bei. Ukimwendea kwa heshima na ushahidi, mara nyingi atakuwa upande wako. Duka likisema lebo ni ya zamani, sheria za kumlinda mlaji hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini daima unabaki na haki ya kukirudisha kitu hicho kabla hujakilipia. Itumie bila kuona haya.

Hatua ya 7: Malipo

Kwa kadi, soma kiasi kwenye kioo cha mashine kabla ya kuigusisha kadi au kubonyeza namba ya siri. Sifuri moja iliyozidi ni kosa la kidole tu, lakini kurudishiwa pesa kunaweza kuchukua siku kadhaa. Uliza kama kuna ada ya kulipa kwa kadi. Ukiwa ugenini na mashine ikakuuliza utalipa kwa sarafu ya nyumbani au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Ukichagua ya nyumbani, kiwango cha kubadilishia hupangwa na upande wa mashine na kwa kawaida huwa na nyongeza juu yake.

Kwa pesa za simu, lipia kwenye namba ya biashara ikiwa ipo, kwa kuwa kutuma kwa namba ya mtu binafsi kunaweza kuwa na ada tofauti na hukuacha na ushahidi dhaifu. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Ujumbe ukichelewa, usilipe tena papo hapo. Angalia salio kwanza: likiwa limepungua, pesa imeondoka na kinachosubiriwa ni taarifa tu. Vivyo hivyo kwa kadi iliyogoma: omba karatasi inayoonyesha kwamba muamala umekataliwa kabla ya kujaribu mara ya pili.

Kwa taslimu, taja noti unapoitoa, "Noti ya elfu kumi hii," na ibaki juu ya kaunta hadi chenji itoke. Mabishano mengi ya chenji ni kuhusu noti iliyokwisha kuingia kwenye droo. Deni likiwa 8,350, toa 10,350 urudishiwe 2,000 kamili. Hesabu inakuwa nyepesi kwa wote wawili na sarafu ndogo zinapata kazi.

Pale sarafu ndogo zilipoondolewa, jumla hukadiriwa. Kanada iliacha kusambaza senti moja mwaka 2013, na tangu hapo malipo ya taslimu hukadiriwa hadi senti 5 zilizo karibu, ilhali malipo ya kadi hubaki kamili. Jumla inayoishia na 1, 2, 6 au 7 hushuka kwa taslimu. Inayoishia na 3, 4, 8 au 9 hupanda, na hapo kadi ni nafuu. La muhimu popote pale ni kwamba makadirio yafanywe mara moja kwenye jumla, si kwenye kila bidhaa.

Hatua ya 8: Chenji na risiti, miguu ikiwa bado kaunta

Hesabu chenji juu ya kaunta, mbele ya keshia, kwa kupanda kutoka kwenye deni: deni 8,350, na 50 ni 8,400, na 600 ni 9,000, na 1,000 ni 10,000. Ikishaingia kwenye pochi na kuchanganyika na pesa nyingine, huna tena la kuonyesha.

Risiti usiisome kutoka juu hadi chini, foleni haitakungoja. Anza na idadi ya vitu, uilinganishe na ile uliyohesabu. Zikitofautiana, tafuta mstari uliojirudia. Kisha tazama bei tatu kubwa kuliko zote, halafu mistari ya punguzo yenye alama ya kutoa, mwisho pesa uliyotoa na chenji iliyoandikwa. Sekunde 20 zinatosha. Ukitaka kujua kodi iliyomo ndani ya bei, gawa bei kwa 100 ukijumlisha kiwango cha kodi, kisha zidisha kwa kiwango: kodi ya asilimia 18 ndani ya 1,180 ni 1,180 gawa kwa 118 mara 18, yaani 180. Ukikata asilimia 18 ya 1,180 utapata 212.40, na hilo ni kosa.

Karatasi za risiti nyingi huchapwa kwa joto, si kwa wino. Maandishi yake hufifia yakipata jua, joto au mafuta ya mikono, au yakikaa ndani ya mfuko wa plastiki. Risiti ya kitu chenye dhamana ipige picha siku hiyohiyo, na ile ya karatasi uiweke ndani ya bahasha kavu. Za vitu vya kawaida zishike hadi utakapoandika bei mpya kwenye daftari, kisha uzitupe.